AG100 ya marehemu mjomba: inawaka vizuri, ikipata moto inazima. Nianzie wapi?

#1 MpwaWaMaseno
Hamjambo wadau. Mkaza mjomba amenipa pikipiki ya marehemu mjomba, Yamaha AG100, ile ya maafisa wa mifugo yenye keria mbele na nyuma na cheni iliyofunikwa yote. Mjomba alizunguka nayo Molo akichanja ng'ombe, alipostaafu akashuka nayo hapa Maseno, macho yakaanza kumsumbua, akaiegesha kwenye stoo ya mahindi. Imelala humo tangu 2013.

Hadi sasa nimemwaga petroli ya zamani (ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa na harufu ya vanishi), nimefungua kabureta nikaiosha, nimeweka plagi mpya na kujaza upepo. Inawaka kwa kiki chache tu. Mwanzoni ni safi kabisa. Ikishapata moto, nikilegeza mkono inabaki ikilia juu, haishuki. Kisha kabla sijafika Luanda (hii yetu ya Vihiga) inazima. Nikikaa kivulini kidogo, inawaka tena bila shida.

Fundi mmoja kasema kabureta, mwingine koili, wa tatu anataka kuishusha injini yote. Niambieni pa kuanzia kabla pesa hazijaliwa.

#2 KobeLaNjoro
Anzia kwa mnunuzi wa vyuma. Uza kwa kilo, ongeza kidogo, chukua pikipiki mpya ya Boxer.

#3 OmwamiWaChavakali
Mulembe. Huyo wa #2 hajawahi kuegesha pikipiki kwenye mteremko wa Maragoli ikiwa na debe mbili za maziwa. AG ina stendi ya kulia na ya kushoto, unachagua kulingana na mlima. Boxer utaiegemeza kwenye mti.

Sasa swali. Kabla ya kufungua injini, fungua kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kupumulia. Kwa miaka yote hiyo stooni, vumbi la mahindi na wadudu wameliziba. Petroli ikishuka, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, kabureta inakauka, pikipiki inazima. Ukisubiri, hewa inapenya taratibu, inawaka. Siku ikizima usiguse kitu kingine: legeza kifuniko, tega sikio. Ukisikia "fyuu" na ikawaka papo hapo, kesi imekwisha bila senti.

#4 FundiKibuye
Omwami, tundu la kifuniko linaeleza kuzima. Halielezi kulia juu wakati mtu amelegeza mkono. Hapo injini inapata hewa ambayo haikupitia kabureta.

Hizi za 2T (mipigo miwili, oili inaungua pamoja na petroli), krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) inakaa kwenye chumba chake bila oili ya kuogelea kama zile za 4T (mipigo minne), na kila upande pana oili sili. Ikilala miaka, mpira unakauka, ule mdomo mwembamba unaoshika shafti unakuwa mgumu na kuchanika. Sili ya upande wa magneto (panapotengenezwa umeme wa cheche) ikivuja, injini inanyonya hewa tupu: inapiga kelele, inachemka, inazima. Ya upande wa klachi ikivuja, inanyonya oili ya giaboksi, utaona moshi mweupe usiokwisha na oili ya gia inapungua bila tone chini.

Jaribio la haraka: ikianza kulia juu, vuta choki kidogo. Ikitulia, inakosa petroli kulingana na hewa inayoingia. Na nijibu hili: oili uliweka gani, na uliiweka wapi?

#5 MpwaWaMaseno
Asante fundi. Nimejaribu choki, inatulia kiasi. Moshi ni wa buluu kidogo mwanzoni, baadaye hakuna kabisa. Oili, nimebadilisha ya giaboksi. Kile kitangi kingine cha ubavuni kina oili ya mjomba hadi nusu, sijakigusa.

#6 FundiKibuye
Simama hapo hapo. Usiiendeshe tena hata hadi posho mill.

Hicho kitangi ndicho kinacholisha pistoni. Kuna pampu ndogo inayovuta oili humo na kuitia kwenye njia ya petroli, ndiyo maana huna haja ya kuchanganya kituoni. Ikilala miaka kumi na zaidi, oili ya zamani inakuwa gundi, mrija unaingia hewa, pampu inazunguka patupu. Wewe unasema "baadaye hakuna moshi kabisa" ukiwa na furaha, mimi nasikia pistoni ikikauka. Pistoni kavu inatanuka, inashika silinda, inazima. Ikipoa inaachia. Hayo ndiyo uliyoandika #1.

Ikizima tena (usiitafute izime), sikiliza mguu: kiki imekuwa nzito kuliko ikiwa baridi? Ikiwa nzito, ni hilo.

Cha kufanya: mwaga oili ya mjomba, osha kitangi, weka 2T mpya, chomoa mrija wa oili unaoingia upande wa kabureta uone kama inatoka, toa hewa kwa ile skrubu ya pampu. Na tangi la kwanza la petroli changanya kwa mkono hata kama pampu inafanya kazi.

#7 ShababGarage
Fundi yuko sawa. Mchanganyiko ni mililita 20 kwa lita, isizidi, itaziba plagi.

#8 MwalimuWaHesabu
Mililita 20 kwa lita ni moja kwa hamsini. Hiyo ni ya injini za kisasa zenye afya. Kwa pikipiki ya kizamani iliyolala na ambayo hatujui pampu yake iko hai, moja kwa ishirini na tano ndiyo salama, yaani mililita 40 kwa lita, 200 kwa lita tano. Plagi ikiziba unaisugua kwa brashi ya waya. Pistoni ikishika unaisugua kwa mfuko.

#9 NyarDunga
Oili ya 2T hapa ufuoni haikosekani, sisi ndio tunaouzia wavuvi wa injini za boti. Njoo na chupa yako, bei nzuri kuliko madukani mjini.

#10 MwalimuWaHesabu
Dada NyarDunga, kwa heshima: angalia kopo. Likiandikwa TC-W3, hiyo imetengenezwa kwa injini za boti zinazopozwa na maji ya ziwa. AG inapozwa na upepo tu, silinda yake inapata joto kubwa zaidi. Inataka oili ya pikipiki, tafuta iliyoandikwa JASO FC au API TC.

#11 NyarDunga
Mwalimu, nimeangalia, ni TC-W3 kweli. Lakini jirani yetu hapa anaendesha Yamaha DT ya zamani, nayo ni 2T, kwa oili hiyo hiyo miaka na miaka, anabeba mbuta (sangara) hadi Kondele kila alfajiri. Vitabu vyenu na pikipiki zetu havijuani.

#12 ShababGarage
Jirani yako anaendesha asubuhi kukiwa na baridi, dada. Mpeleke Ahero saa saba mchana na mzigo ule ule, halafu utuletee habari.

#13 KobeLaNjoro
Sasa nimeacha utani. Mmesahau Molo. Mwenye uzi kasema mjomba alifanyia kazi Molo, huko ni zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na mafundi wa kule walikuwa wanashusha jeti kubwa (kile kijitundu kinachopimia petroli ndani ya kabureta) kwa namba moja au mbili ili pikipiki isikohoe. Maseno ni kama mita 1,500. Ukileta kabureta ya Molo bondeni, hewa ni nzito, petroli ni ile ile kidogo. Inakuwa kavu, inachemka. Hakuna sili wala nini. Soma namba iliyochongwa kwenye jeti.

#14 FundiKibuye
Kobe leo umetoa shingo. Hoja ina uzito, jeti isomwe. Ila mwenyewe kasema mjomba alishuka nayo hapa Maseno kabla ya kuiegesha, na aliiegesha kwa sababu ya macho, hakutaja kuzima. Jeti haibadiliki ikiwa imelala.

#15 KobeLaNjoro
Jeti haibadiliki, inaziba. Ile ndogo ya kulia polepole tundu lake ni jembamba kuliko sindano ya kushonea. "Nimeosha kabureta" kwa watu wengi ni kumwagia petroli na kupuliza kwa mdomo. Vanishi haitoki hivyo. Itolewe, ishikwe mbele ya jua, uone duara kamili la mwanga. Na usichokoe kwa waya mnene, utaipanua.

#16 KeboYaKlachi
Wazee mnaruka hatua. Je, kebo ya mafuta (ile ya mkono wa kuongeza mwendo) inarudi? AG ina kebo inayogawanyika, tawi moja kabureta, jingine pampu ya oili. Kutu ikiingia ndani ya tawi moja, mkono umelegea lakini slaidi (kizibo cha kabureta kinachopanda ukiongeza mwendo) iko juu. Ndiyo "inalia juu" yenyewe.

#17 MpwaWaMaseno
Nimejaribu sasa hivi, injini ikiwa imezimwa. Nikizungusha na kuachilia, inarudi kwa nguvu, nasikia "tap" ndani ya kabureta. Nikigeuza usukani kushoto hadi mwisho inarudi kwa uvivu. Sijui kama hiyo ni kitu.

#18 KeboYaKlachi
Ni kitu.

#19 JogooLaMumias
Hamjambo. Mimi nitazungumzia tangi kwa sababu hakuna aliyegusa. Kumwaga petroli mbaya si kusafisha tangi. Piga tochi ndani: ukiona maganda ya hudhurungi, kila ukiendesha yanashuka kwenye kichujio cha koki (pale unapofungulia petroli chini ya tangi), yanajikusanya, petroli inakatika, inazima. Ukisimama yanatulia chini, petroli inapita, inawaka. Dalili hizo hizo zako.

Huku kwetu dawa ni molasi. Sehemu moja ya molasi, tisa za maji, jaza tangi hadi juu, ziba matundu, acha wiki mbili au tatu. Kutu inatoka yenyewe, chuma kizima hakiguswi. Mimi niliokoa tangi la Yamaha YB100 hivyo.

#20 OmwamiWaChavakali
Tangi la molasi wiki tatu nyuma ya nyumba huko Mumias, na chifu hakukutembelea?

#21 JogooLaMumias
Alikuja. Akaonja kwa kidole, akaondoka amekasirika.

#22 DadaWaSpea
😂😂 Kwa asiye na subira: siki nyeupe, usiku mbili. Lakini siki ni asidi, ukiiacha tu unavyomwaga, kutu mpya inaota kabla hujafika jikoni. Suuza kwa maji yenye magadi (yale yale ya kupikia mrenda), halafu maji safi, kausha haraka juani, kisha tikisa petroli yenye oili ya 2T ndani ipake kuta. Na kabla ya yote hayo tangi lioshwe kwa sabuni na maji hadi harufu ya petroli iishe. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Msilikaushe karibu na jiko.

Ukirudishia, badilisha mrija wa petroli. Ule wa zamani umekakamaa, unanyonya hewa kwenye kishikizo.

#23 WaBusiaBoda
Na petroli ulinunua wapi? Ya chupa barabarani ina mafuta taa ndani, 2T haivumilii.

#24 ShababGarage
Mchezo wa mafuta taa ulipungua sana tangu Septemba 2018 ushuru wa shilingi 18 kwa lita ulipowekwa kwenye mafuta taa. Faida ya kuchanganya ikaisha. Lakini chupa ya barabarani inaweza kuwa na maji, kwa hiyo swali lako ni halali.

#25 MpwaWaMaseno
Petroli ni ya kituo. Naleta ripoti, shukeni nayo taratibu.

Kifuniko: kililia "fyuu" kweli. Lakini haikuwaka papo hapo, ilibidi nisubiri ipoe. Omwami, ni nusu yako.

Kiki: ikiwa moto ni nzito kidogo. Si ya kukwama. Huenda ni mawazo yangu baada ya kusoma #6.

Kitangi cha oili: nilipochomoa mrija hakikutoka kitu. Nikalegeza ile skrubu, likaja povu, kisha oili nyeusi nzito ikidondoka tone moja moja.

Sailensa: niliitoa kama alivyonishauri jirani. Kwenye tundu la mkia kulikuwa na nyumba ya dondora, udongo mkavu umejaza karibu nusu ya tundu, na vyumba vyake vimepangana vizuri kabisa, kimoja bado kina mabuu makavu. Na kwa kuwa sailensa imetoka, nilipiga tochi kwenye tundu la silinda nikisukuma kiki kwa mkono. Pistoni inaonekana ikipanda na kushuka. Upande unaotazama sailensa ina mistari wima ya kijivu, mitatu au minne. Ukucha ukipita juu ya mmoja unanasa.

#26 FundiKibuye
Ukucha unanasa. Basi. Imeshika angalau mara moja. Kisa ni oili.

#27 OmwamiWaChavakali
Au kisa ni dondora. Moshi usipotoka, joto linarudi kwenye silinda, pistoni inatanuka, inashika. Mistari iko upande wa sailensa, palipo na joto. Mnaona?

#28 FundiKibuye
Mistari upande wa sailensa hutokea kwa sababu zote, huko ndiko kwenye joto kila siku. Na sailensa ikiziba injini hainyanyuki, inabanwa pumzi, inakuwa nzito mlimani. Hii inalia juu. Dondora hawezi kuongeza mlio.

#29 KobeLaNjoro
Hewa nyingi petroli kidogo = joto = mistari. Jeti! Mmesoma jeti?

#30 MpwaWaMaseno
Namba yake imefutika nusu, naona 1 na kitu.

#31 KobeLaNjoro
Imefutika kwa sababu mtu wa Molo aliichokoa.

#32 FundiWaUmemeKakamega
Mmemsahau fundi wa pili, yule wa koili, na mimi ndiye namtetea. Koili ya ndani ya magneto ikikaa kwenye unyevu, ulehemu wa waya na ile vanishi ya kuhami vinaharibika. Ikiwa baridi inatoa cheche. Ikipata moto waya unatanuka, unakatika ndani kwa ndani, cheche inapotea. Ikipoa unaungana. Nimeziona nyingi sana, na mteja huwa ameshabadilisha kabureta.

Kipimo hakina gharama: beba plagi ya akiba na kifungulio. Ikizima, dakika hiyo hiyo, chomoa plagi, ichomeke kwenye kofia yake, igusishe kwenye mapezi ya silinda mbali na tundu la plagi, piga kiki uangalie kivulini. Cheche ya buluu inayolia, umeme hauna hatia. Ya manjano nyembamba au hakuna, njoo kwangu. Ukingoja ipoe ndipo upime, hujapima kitu.

#33 ShababGarage
Kama cheche yake ni ya platini (mfumo wa zamani) na si CDI (wa kielektroniki), kagua pia kondensa inayokaa na platini.

#34 FundiWaUmemeKakamega
Fungua kifuniko cha magneto uone, usikisie. Ukishafungua hapo utaiona na sili ya fundi Kibuye. Ikiwa na unyevunyevu wa oili na uchafu umeganda kuizunguka, imevuja.

#35 MwalimuWaHesabu
Kufikia hapa kijana ana kifuniko, sili, pampu, jeti, kebo, kutu ya tangi, dondora na koili. Pikipiki iliyolala inaweza kuwa na vyote kwa mpigo. Ila vingine ni vya bure na vingine vinaua injini. Oili kwanza, na sili mbili mpya wakati silinda iko chini, kwa sababu pistoni yenye mistari itashushwa tu. Ringi mpya, msasa laini kwa mistari, fundi apime silinda kama inataka kuchongwa. Cheche ipimwe ikiwa moto baada ya hapo.

#36 KeboYaKlachi
Na kebo.

#37 KaraniWaMahakama
Nasoma kimya kimya tangu mwanzo. Hakuna aliyeuliza lokibuku (hati ya umiliki) ni ya nani. Ikiwa bado ni jina la marehemu, mkaza mjomba hawezi "kukupa" kwa maneno tu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu kujihusisha na mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Itatakiwa hati ya usimamizi wa mirathi ndipo NTSA, mamlaka ya usafiri, wakubali kuhamisha jina. Na bima ya mtu wa tatu ni lazima barabarani, Sura ya 405, hata kama unajaribu tu hadi Luanda.

#38 OmwamiWaChavakali
Hiyo ndiyo shida ya pikipiki za wajomba. Ikilala stooni haina mwenyewe. Ikilia siku moja tu, watoto wake wote wanashuka na basi kutoka Nairobi.

#39 MpwaWaMaseno
Binamu mkubwa anajua na amekubali, wengine wanaulizia bei. Karani asante, nitamwambia mkaza mjomba tuanze na barua ya chifu. Lokibuku ipo, panya wamekula kona moja.

#40 DadaWaSpea
Kabla hujaondoka: tairi. Pembeni tafuta tarakimu nne ndani ya duara la mviringo. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho mwaka. Tairi ya 2011 hata kama ina meno yote, mpira umekufa, kwenye lami yenye mvua haishiki. Na breki shuu za ngoma, fungua uone kama gundi bado imeshika. Zikilala sana ile bitana inabanduka na kujikunja ndani, gurudumu linafunga ghafla. Hapo hakuna pampu wala jeti itakayokusaidia.

#41 MpwaWaMaseno
Ya nyuma inasema 0809. Ya mbele haina tarakimu kabisa.

#42 DadaWaSpea
Zote mbili.

#43 NyarDunga
Nimemwuliza jirani wa DT kuhusu oili. Anasema yeye huongeza kidogo zaidi "kwa ajili ya joto" na sailensa yake huichoma moto kila baada ya muda kutoa masizi. Kwa hiyo Mwalimu labda una nusu ya haki. Nusu tu.

#44 FundiKibuye
Mpwa, ukiamua kuileta, niletee silinda na pistoni pamoja, usimwachie mtu aitenganishe njiani. Sili njoo na ya zamani mkononi, saizi zinafanana kwa macho tu. Na usipakate oili ya mjomba kwenye gari la watu.

#45 AliyepotezaGia
Samahani kuingilia. Nina Suzuki A100 ya baba, imelala Bungoma muda mrefu kuliko hiyo, nayo inawaka ikizima. Natafuta kabureta siioni nyuma ya silinda. Imeibwa?

#46 ShababGarage
Haijaibwa. Iko ubavuni, ndani ya kifuniko cha injini, hizo hewa na petroli huingia pembeni kupitia diski inayozunguka. Fungua uzi wako.

#47 KobeLaNjoro
Na ukiifungulia uzi, sema kwanza baba alifanyia kazi wapi.